“Ni Kweli, Nilisimamishwa”: Kiswahili cha Leseni Iliyosimamishwa katika Mahakama za Trafiki za Kisumu

Utangulizi

Miongoni mwa vitenzi vinavyotumika kila siku katika mahakama za trafiki nchini Kenya, kitenzi -simamisha ndicho kinachobebeshwa mzigo mkubwa kuliko vyote. Polisi husimamisha gari. Hakimu husimamisha leseni. Mahakama ya juu husimamisha utekelezaji wa hukumu. Mwajiri naye, habari zikimfikia, humsimamisha dereva kazi. Dereva mmoja aweza kusimamishwa mara nne, kwa maana nne, kabla kesi yake haijakwisha, na mara zote nne neno ni lile lile.

Makala haya yanachunguza matokeo ya kisheria ya kuendesha gari wakati leseni imesimamishwa, na jinsi Kiswahili kinachotumiwa kueleza matokeo hayo kinavyoweza kumsaidia au kumponza mshtakiwa. Eneo linaloshughulikiwa ni Kisumu na mwambao wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, ambako kesi hizi husikizwa katika mahakama za mahakimu kama zile za Kisumu, Winam, Maseno, Bondo na Homa Bay. Eneo hili limeteuliwa kwa sababu mshtakiwa, karani, mwendesha mashtaka na hakimu mara nyingi hukutana katika Kiswahili bila hata mmoja wao kuwa amezaliwa nacho. Mifano ya washtakiwa iliyotolewa humu ni ya kubuni. Sheria zilizotajwa ni za kweli.

Hoja inayotetewa ni moja: kwamba sheria inatambua hali nne tofauti za leseni isiyotumika, kwamba kila hali ina adhabu na matokeo yake, na kwamba Kiswahili cha mahakamani kimezikusanya hali hizo zote katika sentensi moja, “hana leseni.” Mwenye kulipia ufupi huo ni mshtakiwa.

Hali nne za leseni

Sheria kuu ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya. Kifungu cha 30 kinamkataza mtu yeyote kuendesha gari barabarani bila kuwa na leseni halali ya aina ya gari hilo. Neno lenye uzito hapo ni “halali.” Kijitabu au kadi peke yake haitoshi, lazima iwe na nguvu ya kisheria siku ile na saa ile.

Hali ya kwanza ni ya leseni iliyokwisha muda. Dereva alifuzu, akapewa, akasahau kulipia upya. Hili ni kosa, lakini ni dogo. Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016 zililiwekea faini ya shilingi 1,000, kiasi sawa na alichowekewa dereva mwenye leseni nzuri aliyeiacha nyumbani. Hapana haja ya kukaa sana hapa.

Hali ya pili ni ya leseni iliyosimamishwa. Mahakama imemtia dereva hatiani kwa kosa fulani la uendeshaji, na pamoja na faini au kifungo imeamuru kwamba leseni yake isiwe na nguvu kwa muda uliotajwa. Leseni haijafa. Imelala, na itaamka siku ya mwisho ya amri. Katika kipindi hicho, hata hivyo, mwenye leseni hiyo hatofautiani mbele ya kifungu cha 30 na mtu ambaye hajawahi kushika usukani.

Hali ya tatu ni ya leseni iliyofutwa. Hii haiamki. Anayetaka kurudi barabarani hana budi kuomba nyingine.

Hali ya nne haihusu leseni, inamhusu mtu. Mahakama inaweza kutangaza kwamba mtu huyu amezuiwa kuwa na leseni wala kuipata kwa muda fulani. Mfano ulio wazi zaidi ni kifungu cha 46, kinachohusu kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa namna ya hatari. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 10. Aidha, kifungu chenyewe kinaiagiza mahakama ifute leseni ya mkosaji na kumzuia kuwa na leseni kwa miaka 3. Hapo amri mbili hutolewa kwa pumzi moja, moja ikiishika karatasi na nyingine ikimshika mwanadamu.

Tofauti kati ya hali ya pili na ya nne inaonekana ndogo mpaka dereva ajaribu kuikwepa. Aliyesimamishiwa leseni akienda kuomba nyingine kwa jina lile lile, au akapata ya nchi jirani, atadai kwamba iliyosimamishwa ni ile ya zamani. Aliyezuiwa yeye mwenyewe hana mlango huo. Sheria humwadhibu kwa kuendesha na humwadhibu hata kwa kule kuomba.

Kitenzi kimoja, kesi mbili

Chukua mfano wa dereva wa matatu aendaye kati ya Kisumu na Bondo. Alikamatwa Kondele. Hati ya mashtaka imeandikwa kwa Kiingereza, nayo inasema kwamba aliendesha gari la abiria huku leseni yake ikiwa imesimamishwa kwa amri ya mahakama. Karani anamsomea kwa Kiswahili: “Unashtakiwa kwamba tarehe fulani, pale Kondele, uliendesha gari ukiwa umesimamishwa. Ni kweli au si kweli?” Dereva anajibu: “Ni kweli, nilisimamishwa.”

Amekiri nini? Katika Kiswahili cha barabarani, kusimamishwa ni kupungiwa mkono na polisi. Kila dereva wa Kisumu husimamishwa. Husimamishwa Kondele, husimamishwa Mamboleo, na akielekea Nairobi atasimamishwa tena Ahero. Dereva aliyesikia “umesimamishwa” na kujibu “ni kweli” huenda hakuwa amekiri chochote zaidi ya kwamba askari alimpungia mkono, jambo ambalo si kosa. Kwenye kumbukumbu ya hakimu, jibu hilo litaandikwa kwa Kiingereza kama kukiri shtaka.

Kasoro hapa ni ya kisarufi, na yafaa itazamwe kisarufi. Kitenzi -simamisha kikiingia katika kauli ya kutendwa, yaani -simamishwa, kiima chake huwa ni kile kilichosimamishwa. “Leseni imesimamishwa” ni sentensi timamu kwa kuwa kiambishi i- cha ngeli ya leseni kinazuia kosa. “Dereva amesimamishwa” inabadilisha kila kitu, maana sasa aliyesimamishwa ni mtu, na msikilizaji huchagua maana kwa mazoea yake: polisi atawaza gari, mwajiri atawaza kazi, hakimu atawaza leseni. Kiswahili kina njia yake ya kuwaunganisha mtu na leseni bila utata huo, nayo ni kauli ya kutendewa: “dereva amesimamishiwa leseni.” Kiambishi -i- kilichopenya kabla ya -w- ndicho kinachoeleza kwamba tendo liliipata leseni, na hasara yake ikamfikia dereva. Mwanafunzi aliyewahi kulalamika kwamba minyambuliko ya vitenzi haina faida nje ya chumba cha mtihani angefaa kukaa kizimbani asubuhi moja.

Tatizo haliishii kwenye kiambishi. Kuna kitenzi kingine kinachopendwa sana na magazeti na stesheni za redio, -nyang’anya, pamoja na ndugu yake -pokonya. “Dereva apokonywa leseni.” Vitenzi hivi vina mvuto, lakini vinaiweka mahakama katika nafasi ya mnyang’anyi na vinaficha muda. Aliyenyang’anywa kitu hajui kama atarudishiwa. Katika Dholuo, kitenzi mayo hufanya kazi hiyo hiyo ya kunyang’anya, ilhali rumo ni kwisha. Na mzungumzaji wa Dholuo anayetafsiri mawazo yake akielekea Kiswahili atazipitia njia hizo mbili tu, leseni “iliyokwisha” au leseni “niliyonyang’anywa,” huku ile iliyosimamishwa ikikosa mahali pa kukaa.

Zamani kunyang’anywa kulikuwa na ukweli wa macho. Leseni ya Kenya ilikuwa kijitabu chekundu, mahakama iliweza kukichukua, na mfuko uliobaki mtupu ulimkumbusha mtu hali yake. Tangu leseni ya kadi yenye kumbukumbu za kompyuta ilipoanza kutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, jambo limegeuka. Kadi yaweza kukaa mfukoni, inang’aa, ina picha na jina, na bado isiwe na nguvu. Dereva atasema kwa dhati, “Mimi sikunyang’anywa leseni, hii hapa.” Naye atakuwa amesema kweli, na atakuwa ametenda kosa.

Utata wa chama na dereva

Kisumu kuna jambo jingine linalochanganya. Kwa kanuni za mwaka 2014 za uendeshaji wa magari ya abiria, mwenye matatu hawezi kufanya kazi peke yake. Sharti awe ndani ya chama cha ushirika au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Chama hicho nacho kina leseni yake, na Mamlaka huisimamisha kinapovunja kanuni. Habari zikitangazwa kwamba leseni ya chama fulani “imesimamishwa,” stendi nzima huzungumza kwa neno lile lile ambalo hakimu alilitumia kwa dereva mmoja.

Matokeo yake ni kwamba dereva aliyesimamishiwa leseni yake binafsi hudhani kwamba akihamia chama kingine ameponyoka. Kinyume chake, dereva ambaye leseni yake ni safi hukaa nyumbani kwa hofu, kumbe kilichofungwa ni chama, na kisheria angeweza kuendesha gari la mizigo kesho yake ikiwa leseni yake inaruhusu aina hiyo ya gari. Kesi ya chama huishia kwa Mamlaka na kwenye rufaa zake za kiutawala. Kesi ya dereva huishia kizimbani, na ikiisha vibaya humfuata kwenye cheti cha maadili mema cha polisi, ambacho bila hicho hapati beji ya kuendesha gari la abiria. Kijana wa Nyalenda aliyepoteza cheti hicho hakupoteza miezi sita tu ya kazi.

Mwenye gari na bima

Watu wengi hudhani kwamba anayeumia ni dereva pekee. Kifungu cha 30 kinamgusa pia mwenye gari au mtu mwenye dhamana ya gari anayemruhusu asiye na leseni halali kuliendesha. Katika biashara ya matatu, hatari hii hupitia kwa yule anayeitwa skwodi, yaani dereva wa kushikilia ambaye humpokea dereva wa kudumu kwa safari mbili tatu ili apate chochote. Mwenye gari hamjui, na mara nyingi hakuulizwa. Hata hivyo, gari likipata ajali mtu wa kwanza kutafutwa ni yeye.

Bima ndipo maneno yanapogeuka pesa. Sheria ya Bima ya Magari kwa Madhara ya Wahusika wa Tatu, Sura ya 405, inamlazimu kila mwenye gari awe na bima itakayomlipa mtu atakayeumizwa barabarani. Mikataba mingi ya bima huwa na sharti linalofanana: kwamba anayeendesha awe na leseni, au awe aliwahi kuwa nayo na hajazuiwa kuwa nayo. Sentensi hiyo isomwe polepole. Dereva ambaye leseni yake imekwisha muda tu anaweza kuingia katika nusu ya pili, kwa kuwa aliwahi kuwa na leseni na hakuna aliyemzuia. Dereva aliyezuiwa na mahakama hawezi. Kwa wote wawili, askari wa Kondele ataandika kwamba hawana leseni, na matatu yote mawili yataburutwa hadi kituoni kwa gari moja la kuvutia. Lakini mmoja huenda akabaki ndani ya bima na mwingine yu nje yake.

Na yule aliyesimamishiwa leseni bila ya yeye mwenyewe kuzuiwa? Hapo ndipo mawakili hupata riziki. Kampuni ya bima itasema kwamba kusimamishiwa na kuzuiwa ni mamoja. Wakili wa mwenye gari atasema kwamba sharti linataja kuzuiwa na halikutaja kusimamishwa. Hakimu atarudi kuitazama amri ya kwanza, ile iliyomsimamishia dereva leseni, aone ilisema nini hasa. Ikiwa amri hiyo ilielezwa kwa dereva kwa maneno “umenyang’anywa leseni,” na mwenye gari akaipata kwa mdomo wa dereva, hakuna kati yao aliyewahi kujua kwamba kuna swali.

Ikumbukwe kwamba sheria hiyo ya bima ilitungwa kwa ajili ya aliyeumia. Majeruhi aliyelala katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu hakuchagua dereva, wala hakusoma mkataba. Kwa sababu hiyo zipo hali ambamo kampuni hulazimika kumlipa yeye kwanza, kwa kiwango kisichozidi shilingi 3,000,000, kisha ikamgeukia mwenye gari kumdai ilicholipa. Kwa mtu mwenye matatu moja iliyonunuliwa kwa mkopo, deni la namna hiyo ni kubwa kuliko faini yoyote iliyo katika Sura ya 403.

Lugha ya mahakama ya chini

Yafaa kuuliza kwa nini mambo haya yaliachwa yafikie hapa, ilhali Kiswahili si mgeni mahakamani. Kifungu cha 198 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kinataja lugha ya Mahakama Kuu kuwa Kiingereza, na lugha ya mahakama za chini kuwa Kiingereza au Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 49 inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa, na ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo.

Kabla ya hapo, mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikuwa imeweka utaratibu wa kupokea ukiri katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri. Shtaka na vipengele vyake vyote vielezwe kwa lugha ya mshtakiwa au anayoielewa. Maneno yake yaandikwe kwa kadiri iwezekanavyo kama alivyoyasema. Akikiri, mwendesha mashtaka aeleze ukweli wa mambo, kisha mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua. Ndipo atiwe hatiani.

Utaratibu huo ni mzuri, na umewaokoa wengi katika rufaa. Lakini una pengo ambalo wanasheria hawakulitazama kwa kuwa ni la lugha. Hatua ya kueleza ukweli wa mambo ndiyo inayotarajiwa kufichua kutoelewana. Ikiwa mwendesha mashtaka ataeleza kwa kitenzi kile kile cha shtaka, kwamba “mshtakiwa alipatikana Kondele akiwa amesimamishwa,” mshtakiwa atakubali mara ya pili kwa maana ile ile aliyokubalia mara ya kwanza. Kosa halijafichuliwa, limepigwa muhuri. Na kwa mujibu wa kifungu cha 348 cha Sura ya 75, aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hana rufaa isipokuwa juu ya uzito au uhalali wa adhabu. Hana budi kwanza kuishawishi Mahakama Kuu kwamba ukiri wake haukuwa ukiri. Atauonyeshaje, na kumbukumbu imeandikwa Kiingereza?

Swali linalofuata linawahusu wanasheria na wanaisimu kwa pamoja. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 7, inasema kwamba kutoijua sheria si utetezi. Kifungu cha 10 kinamlinda aliyetenda kwa imani ya kweli na ya busara kuhusu hali ya mambo, hata kama imani hiyo ilikuwa na makosa. Dereva aliyeambiwa “umesimamishwa miezi sita,” akadhani ni kazi aliyosimamishwa na mwenye matatu, akaenda kuendesha lori la mchanga, je, hakuijua sheria au alikosea kuhusu hali ya mambo? Jibu la haraka, kwamba kila dereva anapaswa kujua, halitoshi. Amri ya mahakama juu ya leseni ya mtu mmoja ni jambo lililotokea siku moja kwa maneno fulani. Ni tukio, na matukio hujulikana kwa kuambiwa. Aliyeambiwa kwa maneno yenye maana mbili ana haki ya kusikizwa chini ya kifungu cha 10 kabla ya kufukuzwa kwa kifungu cha 7.

Kufunga na kufungia

Wapo watakaopendekeza kwamba Kenya iazime kutoka Tanzania, ambako dereva “hufungiwa leseni.” Pendekezo lina nguvu. Tanzania ina uzoefu mrefu wa Kiswahili katika polisi na mahakama za mwanzo, na mwaka 2021 ilibadilisha sheria yake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Isitoshe, -funga ni kitenzi kinachobeba ndani yake ahadi ya -fungua. Kilichofungwa kinatarajiwa kufunguliwa, na hiyo ndiyo maana halisi ya leseni iliyosimamishwa kwa muda.

Watu wa mwambao wanalielewa jambo hili bila kamusi. Kwa kawaida uvuvi wa omena katika sehemu ya Kenya ya ziwa hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaliane. Mvuvi wa Dunga au Usenge hapoteze wavu wala mashua. Vyote viko nyumbani na ni vyake. Asichokuwa nacho ni ruhusa ya kuvitumia, na akikamatwa ziwani msimu huo hawezi kujitetea kwa kusema kwamba wavu ni wake. Karani anayetafuta mfano wa kumweleza mshtakiwa wa Bondo maana ya leseni iliyosimamishwa hatapata ulio karibu zaidi.

Pamoja na hayo, -fungia ina hatari yake katika mahakama ya Kenya, na hatari hiyo ni ya silabi moja. “Amefungiwa miezi sita” na “amefungwa miezi sita” hutenganishwa na -i- peke yake. Na moja ni leseni kabatini, nyingine ni gereza la Kodiaga. Katika chumba chenye watu 60, na karani anayesoma kwa kasi, silabi hiyo haitoshi kumlinda mtu. Ikiwa -fungia itatumika, isitamkwe kamwe bila yambwa yake: amefungiwa leseni. Kwa maandishi rasmi, kusimamishiwa leseni kuna wafuasi wengi zaidi Kenya na kunatosha, mradi kusiachwe uchi.

Kwa hali nyingine tatu, uteuzi si mgumu. Leseni iliyokwisha muda iitwe hivyo hivyo, na neno “muda” lisidondoshwe. Kwa leseni isiyorudi, -futa ni kitenzi bora kuliko -batilisha, kwa kuwa kubatilisha hudokeza kwamba leseni haikuwa halali tangu mwanzo, jambo ambalo si kweli. Kwa mtu aliyezuiwa, -zuia linatosha likifuatwa na kitenzi-jina: amezuiwa kuwa na leseni, amezuiwa kuendesha gari. Wapo waliojaribu “ameondolewa sifa,” lakini msikilizaji wa Ahero atadhani ametukanwa.

Siku ya kuanza

Baada ya kitenzi kupatikana hubaki tarehe, na hapa hata karani mwangalifu huteleza. Kifungu cha 46 kinasema kwamba miaka 3 ya kuzuiwa huanza siku ya kutiwa hatiani au mwisho wa kifungo, kutegemea lipi litachelewa. Kwa Kiswahili cha haraka hilo huwa “kifungo miaka miwili, leseni miaka mitatu.” Msikilizaji wa kawaida huhesabu yote kuanzia siku hiyo. Akitoka Kodiaga baada ya kifungo, atahesabu kwamba amebakiwa na mwaka mmoja hivi, ataungoja kwa subira, kisha ataomba kazi ya kuendesha tuktuk kati ya Kibuye na katikati ya jiji. Kwa hesabu ya sheria bado ana takriban miaka miwili. Siku atakapokamatwa, shtaka litakuwa la kuendesha gari akiwa amezuiwa, na hakimu mpya, asiyekuwepo siku ya kwanza, atamwona kama mtu aliyeidharau amri ya mahakama. Maneno ambayo yangemzuia ni machache, nayo yangechukua sekunde chache kutamkwa: “Miaka mitatu ya kuzuiwa kuendesha gari itaanza kuhesabiwa siku utakayotoka gerezani.”